UZI: Nishani kuu ya taifa, kutoka Nyota ya Barghash hadi Moyo wa Dhahabu. Je, sababu zake twaambiwa?

Mwanakuze (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Orodha ya nishani za Jamhuri Dei imetoka, na tangu juzi makundi ya WhatsApp hapa Mombasa ni majina tu: nani kapata, nani karukwa, wa Pwani ni wangapi. Swali ambalo kwangu ndilo kubwa sijaona aliyeliuliza. Huyu aliyepewa, kafanya nini? Gazeti Rasmi la Serikali kwa kawaida huchapisha jina na daraja, basi. Kazi aliyoifanya mtu mpaka nchi ikamvisha nishani waachiwa uitafute mwenyewe.

Kwa wasioyajua madaraja: nishani ya juu kabisa Kenya ni Moyo wa Dhahabu. Ina ngazi tatu, Chifu (CGH), Mzee (EGH) na Moran (MGH). Chini yake iko Mkuki Uwakao, nayo ina ngazi hizo hizo tatu: CBS, EBS, MBS. Halafu yaja OGW (Order of the Grand Warrior), ambayo haina ngazi ndani yake, na baada yake Pongezi ya Mkuu wa Nchi, HSC. Mfumo huu uliwekwa miaka ya 1960, zama za Mzee Jomo Kenyatta, na Mkuki Uwakao ni jina la sifa aliloitwa yeye mwenyewe. CGH ni ya marais na watu wazito sana. Aga Khan wa nne alipewa mwaka 2007, yule ambaye akademi yake ya kwanza ilifunguliwa papa hapa Mombasa mwaka 2003. Raila Odinga alitunukiwa baada ya kufa, siku ya Mashujaa ya 2025 kule Kitui.

Lakini Mombasa haikuanza kuzijua nishani mwaka 1963. Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alianzisha Nishani ya Nyota Ing'arayo mwaka 1875, mwaka ule ule aliosafiri hadi Uingereza akakutana na Malkia Victoria. Wanaosoma Suratun-Nur wanaijua nyota hiyo, iko aya ya 35. Naamini Barghash aliona jinsi wafalme wa Ulaya wanavyofungana kwa mikanda na nyota, akataka na yeye awe mwenye kuvisha, asiwe wa kuvishwa tu. Mombasa wakati huo ilikuwa ndani ya milki yake, na bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Fort Jesus mpaka 1963.

Sasa tazameni mambo yalivyogeuka. Agosti 1895 Admirali Harry Rawson aliongoza kikosi kutoka pwani hii hadi Mwele, huko nyuma ya Gazi, kuivunja ngome ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui. Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa jeshi la Sultani, alijeruhiwa huko. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Agosti 1896, Rawson huyo huyo alielekeza mizinga ya meli zake kwenye kasri la Sultani Unguja, kwa kuwa Khalid bin Barghash alikalia kiti cha enzi bila ridhaa ya Waingereza. Vita havikufika saa nzima. Upande wa kasri watu kiasi cha 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Na baadaye Rawson akapewa daraja la kwanza la Nyota Ing'arayo chini ya Sultani mpya, Hamoud bin Mohammed. Arthur Raikes, aliyewaongoza askari wa Kizanzibari waliosimama na Waingereza, naye alivishwa nishani hiyo hiyo.

Someni tena hapo. Nishani aliyoiasisi Barghash apewa mtu aliyemwondoa mwana wa Barghash kwa mizinga.

Hili linanikera kila nikilikumbuka, na ndilo limenifanya nianzishe uzi. Ya Rawson sababu yake twaijua, kwa hivyo leo, zaidi ya miaka 120 baadaye, twaweza kuipima na kuikataa. Zetu wajukuu watazipima kwa lipi, ikiwa waliyoachiwa ni jina na herufi tatu? Katiba ya 2010, kifungu cha 132(4)(c), yasema Rais hutoa nishani kwa jina la wananchi na Jamhuri. Ikiwa ni kwa jina letu, sababu tuambiwe, tena kwa maneno yanayoeleweka. Na majina tuyapeleke sisi, tusingoje kuletewa.

Karibuni.

---

Bi_Kibokoni

Mwanangu Mwanakuze, Mungu akujaalie. Umenikumbusha picha zilizokuwa ukutani kwa wazee wetu huku Mji wa Kale, mwanamume kavaa joho na jambia, na kifuani nishani zimepangwa. Sir Ali bin Salim, aliyekuwa Liwali, alikuwa na KBE na CMG za Waingereza. Watoto tulikuwa twaziona kama mapambo. Wakubwa walikuwa wakizisoma, wakijua ipi ni ya nani na imekuja kwa jambo gani.

Hapo ndipo nakubaliana nawe. Mji ulikuwa mdogo, mwenye nishani akijulikana kwa kazi yake, hata asiyempenda aliyeitoa aliweza kusema huyu kapewa kwa kadha. Siku hizi mtu yuko Nairobi, jina lake twalisikia mara ya kwanza siku ya orodha, na mara ya mwisho siku hiyo hiyo.

---

Mchangamwe

Nimesoma yote kwa utulivu, na nitasema wazi kwa sababu jambo hili linanigusa. Mimi ni Mgiriama. Hizo nyota za masultani na hizo herufi za Waingereza zilikuwa zikizunguka baina ya watawala. Sultani amvisha Mwingereza, Mwingereza amvisha Sultani, Liwali avishwa na wote wawili. Hamoud mwenyewe alivishwa nishani ya Star of India na Malkia Victoria. Babu zangu kwenye Kaya walipata kodi ya nyumba na amri ya kutoa vijana wakafanye kazi.

Mekatilili wa Menza alipowaapisha watu wakatae, Waingereza walimkamata mwaka 1913 wakampeleka uhamishoni Kisii, akatoroka akarudi. Leo ana sanamu Malindi, na tunashukuru. Lakini ukisema "historia ya nishani Mombasa" ukaanza na Barghash, umeanza na waliokuwa juu. Ningeomba uzi huu uanze na swali jingine: ni watu gani wa Pwani walifanya mambo makubwa wakati nishani zikigawiwa, wala hakuna aliyewatazama?

---

Mwanakuze

Mchangamwe, ndugu yangu, maneno yako yana haki yote. Nilianza na Barghash kwa sababu ndipo nishani yenyewe ilipoanza pwani hii, sikukusudia kwamba ndipo heshima ilipoanza. Kisha naona hivi: Mekatilili mwenye kumkumbuka hahitaji herufi. Kila mtu ajua alilolifanya, lasimuliwa Magarini, lasimuliwa Malindi, watoto wanalisoma shuleni. Rawson alikuwa na nyota ya daraja la kwanza na hapa Mombasa hakuna mtoto anayelijua jina lake. Kwa hivyo mimi nawe twavuta kamba upande mmoja.

Tofauti moja ya kisheria tuiweke sawa kabla hatujachanganya. Mashujaa wana sheria yao, ya mwaka 2014, na wana Baraza lao la Kitaifa. Nishani zina sheria nyingine, ya mwaka 2013. Mtu aweza kuwa shujaa wa taifa bila herufi, na aweza kuwa na herufi bila kuwa shujaa. Uzi huu ni wa herufi.

---

Dada_wa_Tudor

Mimi nitawaletea nishani moja ambayo sababu yake haikuhitaji gazeti lolote.

Tarehe 20 Oktoba 2019, Mashujaa Dei iliandaliwa Mama Ngina Waterfront, baada ya pale mahali kufanyiwa ukarabati mkubwa. Tulitoka nyumbani alfajiri, mimi na dada yangu na watoto, tukakuta foleni imeshapinda mpaka barabarani. Jua la Mombasa mnalijua. Kina mama wamejifunika leso vichwani, watu wamebanana chini ya mibuyu kutafuta kivuli, mwenye madafu hana nafasi ya kuvuta pumzi. Siku nane kabla, tarehe 12, Eliud Kipchoge alikimbia marathoni Vienna kwa saa 1:59:40, binadamu wa kwanza kuumaliza umbali ule chini ya saa mbili. Siku hiyo ya Mombasa akatunukiwa EGH, Mzee wa Moyo wa Dhahabu.

Lilipotangazwa jina lake, mzee mmoja mbele yangu, kofia ya vito kichwani, aliinuka akasimama wima mikono ubavuni kama mtu anayeimba wimbo wa taifa. Hakupiga makofi wala hakupiga kelele. Alisimama hivyo mpaka yakaisha. Mwanangu akaniuliza kwa nini babu amesimama peke yake, nikamwambia nawe simama. Wakasimama na wengine.

Hakuna aliyeuliza Kipchoge ni wa wapi. Wala hakuna aliyeuliza kafanya nini. Nikisoma hoja ya Mwanakuze naona ndiyo hii hasa: sababu ikijulikana, nishani inakuwa ya wote.

---

Mvita_Ughaibuni

Salaam kutoka London. Nachangia kidogo kuhusu huku, kwa kuwa mfumo wetu umekopa ngazi na mikanda kutoka Ulaya.

Waingereza wana nishani nyingi mno, lakini ile inayoheshimiwa kwa mastahili hasa ni Order of Merit. Mfalme Edward VII aliianzisha mwaka 1902, na sharti lake kubwa ni kwamba wanachama walio hai hawazidi 24. Mtu akifa ndipo nafasi inapopatikana. Florence Nightingale, yule muuguzi, alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata, mwaka 1907. Mandela alipewa kama mwanachama wa heshima mwaka 1995, na wa heshima hawahesabiwi katika wale 24. Haikupi cheo wala kuitwa "Sir". Ufaransa nao wana Légion d'honneur ya Napoleon, ya mwaka 1802, yenye ngazi tano, na yeye tangu mwanzo aliitaka iwe ya wanajeshi na raia pamoja, mtoto wa mkulima aweze kuipata sawa na jenerali.

Rai yangu: Kenya iweke idadi. Moyo wa Dhahabu uwe na viti vichache vinavyojulikana, mtu akitoka ndipo mwingine aingie. Orodha ya mamia ya majina kila Disemba inaishusha thamani hata kwa wale waliostahili kabisa.

---

Fundi_Likoni

Mvita_Ughaibuni, asante kwa elimu, ila kwa idadi sikubali. Viti 24 nchi ya kaunti 47? Hesabu mwenyewe nani atakalia. Watajaa waheshimiwa, na sisi wa ng'ambo ya feri tutaendelea kutazama televisheni. Tatizo la orodha ndefu si urefu. Hata iwe ya watu elfu, kila jina likiwa na mistari mitatu ya kueleza mtu alichofanya, mimi nitaisoma yote kama ninavyosoma tanzia gazetini.

---

Ustadh_Kisauni

Bismillah. Kuna jina moja nisingependa uzi huu upite bila kulitaja.

Salah Farah, mwalimu, alikuwa ndani ya basi lililoshambuliwa Mandera tarehe 21 Disemba 2015. Al-Shabaab waliwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Yeye na wenzake wakakataa, wakawaambia wawaue wote au wawaache wote. Akapigwa risasi, na mwezi Januari 2016 akafariki hospitalini. Mwaka huo huo Rais alimtunuku OGW baada ya kufa.

Mimi nimelitumia jina lake katika khutba zaidi ya mara moja, na kila nikilitaja msikiti unanyamaza. Wazee wetu wa hapa Mombasa wameishi na jirani Mkristo, jirani Mhindu, ukuta mmoja, kisima kimoja. Alilolifanya Salah sisi twalijua tangu utotoni kuwa ndiyo ada ya ujirani, yeye aliitimiza mtutu ukiwa mbele yake.

Sasa swali langu, nalo ni la uchungu. Juu ya OGW kuna CBS, EBS, MBS, na juu ya hizo Moyo wa Dhahabu na ngazi zake tatu. Mtu ametoa roho yake kwa ajili ya watu asiowajua, wasio wa dini yake, kisha yuko chini ya madaraja sita. Ni kipimo gani kilichotumika? Mkuu wa idara aliyestaafu salama apande juu ya Salah Farah? Nataka mtu anijibu kwa hoja.

---

Bwana_Shauri

Ustadh, nitajaribu, ingawa jibu halitakufurahisha. Sheria ya 2013 yataja sifa za kumpa mtu nishani: ushujaa, kujitolea mhanga, uzalendo, uongozi kwa faida ya nchi au ya kaunti, mchango katika uchumi, elimu, sayansi, michezo, uandishi wa habari, usalama na kadhalika, au kuiletea Jamhuri fahari kwa njia nyingine. Kuna kamati ya kumshauri Rais. Kwenye sifa hizo hakuna neno linalosema ushujaa hukaa ngazi ya chini. Kilichopo ni desturi: ngazi za juu zimezoeleka kwenda na vyeo. Ukiwa na ofisi kubwa wapata EGH au CBS karibu kama sehemu ya ofisi yenyewe. Mwalimu hana ofisi ya kumpandisha.

Desturi yaweza kuvunjwa, na imeshavunjwa. Wangari Maathai alipata EBS mwaka 2003, akapanda hadi EGH mwaka 2004, mwaka alioshinda Nobeli. Huyu ni mama ambaye mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park na serikali ya wakati huo ikamtukana hadharani. Kazi yake ilimpandisha ngazi, tena kazi iliyowaudhi wakubwa. Lakini ilibidi ulimwengu uione kwanza.

---

Mchangamwe

Hapo kwa Wangari nimekuelewa. Lakini ona, ilichukua Oslo, kule inakotolewa Nobeli ya Amani, kumwona. Salah Farah hana Oslo. Mvuvi wa Mtongwe hana Oslo.

---

Binti_wa_Tononoka

Nimekuwa nikisoma kimya tangu jana. Nataka kuwaeleza kuhusu HSC ya marehemu baba yangu.

Iko kwenye kisanduku cheusi cha kadibodi ngumu, ndani kuna kitambaa laini chenye shimo la ukubwa wa ile medali. Utepe wake umefifia upande mmoja kwa sababu mama aliitundika sebuleni karibu na dirisha miaka mingi, ile chumvi ya bahari na jua vikaula. Cheti kipo, kimekunjwa mara moja katikati. Kina jina la baba, kina saini ya Rais. Hakisemi kwa nini.

Baba alikuwa mwalimu, kisha akawa mshauri wa vijana, kisha aliingia kamati za maji, na wakati wa fujo za Likoni za 1997 nyumba yetu ilijaa watu waliokimbia, wa bara na wa pwani. Yeye alikuwa si mtu wa kujieleza. Nikimuuliza nishani ni ya nini alinijibu, "Ya kazi, mwanangu." Amefariki, na sisi watoto wake tunabishana mpaka leo: mimi naamini ni kwa watu wale aliowaficha, kaka yangu asema ni kwa shule. Mjukuu wake aliambiwa aandike insha kuhusu babu, akaja kuniuliza. Nilimpa kisanduku akitazame. Sikuwa na sentensi ya kumpa.

Mstari mmoja tu kwenye kile cheti ungetosha. Sipigi kelele kwamba daraja lake lilikuwa dogo. Tungeridhika na HSC yetu milele kama ingesema neno.

---

Bi_Kibokoni

Binti wa Tononoka, pole mwanangu. Allah amrehemu mzee. Mwite kaka yako mkae na mama yenu, kama yu hai, muandike yote mawili, ya shule na ya wale watu. Msichague. Mambo ya 1997 waliyoyaona wamebaki wachache, na wengi wao wako tayari kusema wakiulizwa kwa heshima.

---

Mwanakuze

Binti wa Tononoka, umeeleza kwa kisanduku kimoja jambo ambalo mimi nimelizungusha aya nzima. Asante kwa kutuamini nalo.

Wanajukwaa, tusiishie kulalamika. Mchangamwe kataja mvuvi wa Mtongwe. Je, alisema kwa mfano tu, au yuko mtu?

---

Mchangamwe

Yuko. Fundi_Likoni anamjua kunishinda mimi.

---

Fundi_Likoni

Yuko na yu hai. Macho yamepungua nguvu, akili iko sawasawa. Ni jirani ya mjomba wangu, jina lake silitaji hapa mpaka yeye na wanawe waridhie.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuo. Watu 272 walikufa. Wengi wenu mna mtu mliyempoteza, sitarefusha. Mzee huyu alikuwa amerudi kutoka kuvua, mtumbwi ameshauvuta mchangani, samaki bado wako ndani. Akawamwaga samaki, akaurudisha mtumbwi majini, akaenda. Mjomba asema alikwenda na kurudi mpaka mikono ikakataa kafi, kisha akampa mwanawe kafi yeye akabaki anavuta watu kwa mikono, amelala kifudifudi kwenye ubao ili mtumbwi usipinduke. Alijifunza pale pale kwamba ukimvuta mtu kwa ubavu mtumbwi wainama, ukimvuta kwa nyuma, upande wa tezi, wasimama. Akawa anawapigia kelele wenzake wafanye hivyo.

Baada ya hapo alirudi kuvua. Hajapewa hata barua.

Nimejaribu kuandika pendekezo, niambieni kama linafaa:

"Mzee huyu ni mzalendo wa kweli na shujaa asiyetambuliwa ambaye kwa ujasiri mkubwa na moyo wa kujitolea aliokoa maisha ya Wakenya wengi katika mkasa wa Mtongwe. Ni mfano bora wa kuigwa na jamii nzima, na anastahili nishani ya juu."

---

Bwana_Shauri

Fundi, nia yako ni njema, ila pendekezo hili waweza kulibandika kwa mtu yeyote. Kamati inasoma makaratasi mengi yenye "mzalendo wa kweli". Yale uliyotueleza juu yake, ya samaki kumwagwa na kuvuta watu kwa upande wa tezi, ndiyo pendekezo. Umeyaacha nje ukaingiza sifa.

---

Mwanakuze

Naunga mkono. Nimejaribu hivi, Fundi na Mchangamwe mnisahihishe:

"Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipopinduka Mtongwe, mvuvi huyu alimwaga samaki wake, akarudisha mtumbwi majini na kuokoa watu mpaka mikono ikashindwa kupiga kafi. Akampa mwanawe kafi, naye akaendelea kuwavuta watu kwa upande wa nyuma ili mtumbwi usipinduke, akawafundisha wavuvi wengine kufanya vivyo hivyo papo hapo. Hakuwa mfanyakazi wa feri, wala polisi, wala mwanamaji. Mashahidi ni hawa wafuatao."

Kisha yafuate majina ya mashahidi, sehemu wanazoishi na nambari zao, kwenye karatasi, si hapa jukwaani.

---

Ustadh_Kisauni

Hapo sasa. Hilo laweza kusomwa msikitini, laweza kusomwa kanisani, na likisomwa mbele ya Rais hakuna atakayeuliza nani huyu. Ongezeni kwamba hakuchagua wa kumvuta. Mle majini walikuwemo watu wa kila kabila.

---

Mchangamwe

Mwongezee na jina la mwanawe. Alikuwa kijana mdogo, yeye ndiye alishika kafi. Nishani ya baba isimsahau mtoto.

---

Mvita_Ughaibuni

Msiandike daraja gani apewe. Andikeni kazi tu, daraja waamue wao, kisha tuone wataiweka wapi. Wakimpa HSC bila maelezo, hiyo karatasi yenu itakuwa imebaki kama ushahidi wa kile kilichopelekwa.

---

Bwana_Shauri

Na muweke nakala tatu. Moja ya kamati, moja ya familia, moja ipelekwe maktaba ya umma ikahifadhiwe. Binti wa Tononoka naye afanye hivyo kwa ya marehemu baba yake, hata kama nishani imeshatoka.

---

Binti_wa_Tononoka

Nimemwambia kaka. Jumapili tunakaa na mama. Amesema anazo barua za mmoja wa wale watu waliolala kwetu 1997, aliandika kutoka Kitale kushukuru, hatukujua kabisa kama zipo.

---

Fundi_Likoni

Nimetoka kwa mzee sasa hivi, nimemsomea ile ya Mwanakuze yote. Amekubali, kwa masharti mawili. La kwanza, tuandike na majina ya wavuvi wenzake wanne waliokuwa na mitumbwi siku ile, wawili wao wameshafariki. La pili, pale tulipoandika "kuokoa watu" tuongeze kwamba wengine aliwafikisha ufuoni wakiwa wameshakufa, maana familia zao nazo zilipata wa kuzika. Mashahidi nimeshapata wawili. Wa tatu ni mama aliyevutwa na mzee mwenyewe, siku hizi anaishi Ganjoni, na nambari yake nimepewa. Nampigia baada ya Magharibi.